Nani Atamfundisha Mtoto Baridi?

Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi wa usharika wetu hapa Grand Rapids, Michigan, Jumapili moja ya Novemba baada ya ibada ya Kiswahili. Waliokuwa zamu kazini siku hiyo wameomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka.

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena.

Mchungaji amenipa dakika ishirini, kisha akavua saa yake na kuiweka hapa mbele yangu, kwa hiyo naona ananifahamu vizuri. Nitajitahidi.

Kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita hadi la nane pale shuleni kwetu ana karatasi ya njano nyumbani. Usiseme huna. Iko ndani ya begi la mtoto, chini kabisa, imejikunja pamoja na ganda la ndizi. Karatasi hiyo inaomba ruhusa yako ili kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kila Ijumaa, mtoto wako asome nje nusu siku. Ndiyo, nje. Kwenye theluji. Wazazi wa Kizungu walizirudisha wiki ile ile. Za kwetu, sisi tunaosema Kiswahili nyumbani, karibu zote bado ziko na maganda ya ndizi, na mkuu wa shule ameniuliza mimi kwa nini, kana kwamba mimi ndiye balozi wenu.

Sababu ninazijua, maana nimewasikia mkizungumza pale kwenye chai. Mmoja anasema mtoto atapata nimonia. Mwingine anasema, "Tumevuka bahari ili mtoto asome, si ili acheze kwenye barafu, na ada nalipa." Na mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniambia polepole, bila hasira: "Mwalimu, mimi nimelala chini ya turubai miaka kumi na saba. Leo mnataka nilipe, halafu mnilalishie mtoto nje?"

Hilo la mwisho lilininyima usingizi. Nitalirudia.

Kwanza niwaambie mimi ninavyoona. Mimi ni mtoto wa Kigoma, na baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Sikumbuki hata siku moja aliyonikalisha chini akasema, "Leo nakufundisha Ziwa." Lakini nilipofika miaka kumi nilikuwa najua kwamba mbalamwezi ikijaa, karabai zinapumzika na wavuvi wanashona nyavu. Nilijua wingu la namna gani likitua juu ya milima ya upande wa Kongo, mtumbwi haushuki majini hata kama mteja amelipa kabisa. Hakuna mtihani uliowahi kuniuliza hayo. Niliyapata kwa kukaa karibu na mtu anayeyajua.

Sasa mwanangu ana miaka kumi na mmoja, na ziwa lake ni Michigan. Ziwa hili ndilo linalotupikia theluji: upepo mkavu wa baridi unatoka upande wa Wisconsin, jimbo la ng'ambo ya ziwa, unapita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, unabeba mvuke, na ukigusa nchi kavu huku kwetu unaumwaga. Ndiyo maana hapa tunapata theluji karibu mita mbili kwa mwaka mzima, wakati ng'ambo ya pili ya maji hayo hayo wanapata pungufu. Je, nani atakaa na mwanangu amwonyeshe wingu hilo? Mimi? Mimi ambaye majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuta kioo cha gari kimeganda, nikachemsha maji kwenye birika na kukimwagia? Kilipasuka kutoka kona hii hadi kona ile, kwa mlio ambao nausikia mpaka leo. Jirani yangu, mzee wa Kiholanzi, alisimama na koleo lake mkononi akanitazama, na kwa upendo wa Kristo hakusema neno.

Tuseme ukweli: katika jambo hili wazazi ni sisi, lakini wajinga pia ni sisi. Kila kitu kingine tunaweza kuwafunza watoto wetu nyumbani: salamu, kupika, kuomba, kumheshimu mkubwa. Baridi hatuwezi, kwa sababu hatuijui. Na mtu asiyeijua baridi anafanya mawili: ama anaidharau, ama anajifungia ndani miezi mitano akitazama simu. Nimefanya yote mawili.

Wala tusijione kwamba theluji ni mambo ya Wazungu tu. Neno lenyewe tunalo tangu zamani, theluji, limetoka kwa Waarabu. Barafu tumeipata kwa Waajemi, na kwao barf ni hii hii inayodondoka kutoka juu; sisi tukaifanya kitu cha kwenye friji, kinachouzwa kwa watoto ndani ya kifuko cha nailoni. Tarehe 11 Mei 1848 mmishenari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai kule Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Ameandika kwamba kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule "baridi," basi. Mabwana wa jiografia wa London, wamekaa kwenye viti vyao, wakabisha miaka na miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Kiongozi yule hakuwa na neno la kitaalamu, ila alikitaja kitu kwa jinsi kinavyomfanya mtu. Mimi hapo ningempa alama zote.

Na Biblia je? Kuna Benaya, mmoja wa mashujaa wa Daudi, aliyeshuka shimoni siku ya theluji akaua simba. Simba na theluji katika mstari mmoja! Nilipowasomea watoto wa darasa la saba mstari huo, mtoto wetu mmoja aliyezaliwa Nairobi alisema, "Mwalimu, huyo ni mimi." Na Paulo, akiwa kifungoni, anamwomba Timotheo amletee lile joho aliloliacha Troa, na ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mtume mzima anaulizia koti. Kwa hiyo asione mtu aibu kuulizia koti hapa.

Haya, watoto wanafanya nini huko nje? Nitawapa vitu viwili vitatu, maana saa ya Mchungaji inakwenda.

Kuna ndege mdogo hapa, mwenye kofia nyeusi na kidevu cheusi, anayelia jina lake mwenyewe: chickadee. Uzito wake ni gramu kumi na moja hivi. Ukimshika ni kama umeshika hewa yenye moyo. Haendi kusini wakati wa baridi. Usiku anaushusha mwili wake joto kwa nyuzi kama kumi ili mafuta yake yamfikishe asubuhi, na mchana kutwa anatafuta chakula. Tunawapanga watoto msituni, kila mmoja amenyoosha kiganja chenye mbegu za alizeti, na wanatulia. Mnawajua watoto wetu. Nikiwaambia watulie darasani ni vita. Pale wanatulia dakika kumi, kumi na tano, mpaka theluji inaanza kurundikana juu ya kofia zao. Kisha ndege anashuka. Kucha zake zinagusa kidole, anachagua mbegu, anaitupa, anachukua nyingine nzito zaidi, anaruka. Mwaka jana binti mmoja alilia pale pale kwa furaha, machozi yakamgandia kwenye kope.

Tukawaeleza kwamba ndege huyu mbegu nyingi hazili papo hapo. Anazificha moja moja kwenye nyufa za magome, na anazikumbuka zilipo. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, Yesu alisema ndege wa angani hawapandi wala hawavuni wala hawakusanyi ghalani. Mbona huyu anakusanya?" Nilisimama na mdomo wazi. Nikamwambia amuulize Mchungaji. Mchungaji, bado anakusubiri.

Mnaniambia huko si kusoma. Mimi ningelipa ada nyingine ili swali la namna ile liulizwe kila Ijumaa.

Halafu kuna bwawa. Hapa ndipo wengi mnapoogopa, na mna haki. Hatukanyagi barafu kwa macho. Tunaitoboa kwa keekee kubwa na kupima kwa rula, mahali pengi, siyo ukingoni tu. Kipimo cha wengi kwa mtu anayetembea kwa miguu ni inchi nne, yaani sentimita kumi, za barafu ngumu inayopitisha mwanga. Shule yetu inataka sita. Ile nyeupe yenye mapovu ni dhaifu, nguvu yake tunaihesabu nusu. Kila mtoto ananing'iniza shingoni vishikio viwili vyenye ncha za msumari, na kabla hajakanyaga bwawa anafanya mazoezi kwenye sakafu ya jimu: umetumbukia, geukia ulikotoka, maana barafu ya kule ndiyo iliyokubeba, chomeka misumari, piga miguu kama chura, ukitoka usisimame, jiviringishe. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi kwenye maji ya namna hiyo ili ajue, ameliweka kwa tarakimu tatu ambazo watoto wanaziimba: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, saa moja kabla ya baridi kukuzimisha. Watu wengi wanakufa dakika ya kwanza kwa sababu ya kuhaha, wakati muda wanao.

Watoto wetu wanaishi katika jimbo lenye maziwa zaidi ya elfu kumi. Bwawa lipo nyuma ya nyumba za kupanga tunazokaa. Atapita juu yake siku moja, ukimruhusu usimruhusu, akifuata mpira au akifuata marafiki. Mimi nataka siku hiyo awe anaijua ile moja-kumi-moja.

Mwisho wa Februari tunagema. Naam, tunagema! Kuna mti wa mepo, ambao usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, maji yake yanapanda. Watoto wanautoboa kidogo, sentimita tano kwenda ndani, wanachomeka mrija, wanatundika ndoo. Wenyeji wa nchi hii, Waojibwe, Waodawa na Wapotawatomi, walikuwa wakifanya hivyo kabla Mzungu hajafika. Yale maji ukiyaonja ni kama maji ya bomba yaliyopitiwa na sukari kwa mbali. Unayachemsha kutwa nzima, mvuke unapaa, na galoni arobaini zinakupa galoni moja ya asali yake. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa huku akisifiwa anayatoa. Babu mmoja wa hapa usharikani, wa kutoka Tanga, aliyepanda minazi ujanani, tulimleta mwaka jana. Aliutazama ule mrija akauliza kwa nini mti hauna alama za ngazi. Watoto wa Kizungu walimzunguka saa nzima wakitaka kujua jinsi mtu anavyopanda mnazi na kibuyu kiunoni. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akitafsiri, kifua mbele.

Sasa afya, na hapa naomba mnyamaze kidogo.

Nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu vinapenda chumba kilichofungwa madirisha ambamo watoto ishirini na tano wanakoholeana. Hewa ya nje siyo adui yenu mkubwa. Lakini baridi ina watu inaowaumiza kweli. Mtoto mwenye sikoseli, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali. Najua baadhi ya familia hapa mna jambo hili na hamlisemi. Usitie sahihi kabla hujaongea na daktari wake na kabla hujaongea na mimi. Tutampangia kazi ndani, na hakuna atakayetangaziwa. Mwenye pumu vilevile, hewa kavu ya baridi inambana, awe na dawa yake mfukoni, siyo ofisini kwa nesi.

Ukiwa nje unatazama namba mbili, kipimajoto na upepo. Ikiwa sifuri ya Fahrenheit, yaani -18 kwa nyuzi tulizozoea, na upepo unakwenda maili 15 kwa saa, ngozi inapata baridi ya -28, na iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Sisi hatufiki huko. Upepo ukihesabiwa ikawa sifuri yao, tunasomea ndani siku hiyo.

Na jambo moja ambalo mafunzo ya walimu hayakulitaja, nikalitaja mimi. Wanafundishwa kutazama mashavu ya mtoto: yakiwa mekundu sana, kisha meupe, mrudishe ndani. Mtoto wetu mweusi wekundu huo huuoni. Unachokiona ni kijivu, kama ngozi iliyosahaulika kupakwa mafuta, na mwalimu anaweza kupita asijue. Kwa hiyo sasa kila robo saa tunawauliza wote, kwa sauti: vidole unavisikia? Na kidole kilichokufa ganzi hakisuguliwi, tena hakisuguliwi kwa theluji, wala hakipelekwi kwenye maji ya moto. Maji vuguvugu tu, unayoweza kuogeshea mtoto mchanga.

Nguo. Nitasema haraka. Pamba ni adui. Najua pamba ndiyo tuliyolelewa nayo, lakini ikilowa jasho inakaa na ubaridi mwilini. Mwaka ule wa kioo nilimvalisha mwanangu soksi tatu za pamba ndani ya buti moja. Nikajiona baba. Miguu ilibanwa, damu haikupita vizuri, hewa haikuwepo, na alirudi na vidole kama vya sanamu. Soksi moja ya sufu, buti lenye nafasi. Glovu zile za kidole gumba peke yake zina joto kuliko za vidole vitano, kwa sababu vidole vinapashana. Juu ya yote koti linalozuia upepo. Na makoti haya mnayajua! Ndiyo yale yale mazito ya mitumba wanayovaa bodaboda wetu saa kumi na moja alfajiri. Sasa tumefika yanakotoka.

Narudi kwa yule mama.

Darasa la nane lina sehemu ya pili kwenye fomu, usiku mbili kambini. Wanalala kwenye nyumba ya magogo yenye jiko la kuni, vitanda vya kupandiana, walimu pande zote. Mchana wanajenga kibanda cha theluji: wanarundika theluji mpaka inapita kichwa cha mtu mzima, wanaiacha saa mbili au zaidi ishikane, wanachomeka vijiti vya sentimita thelathini kila upande, kisha wanachimba kutoka ndani. Ukiona ncha ya kijiti, hapo simama, ukuta umetosha. Tundu la hewa juu, na siku zote kuna mtu nje mwenye koleo. Ndani panakuwa kimya kabisa, na joto linakaribia sifuri hata kama nje ni -20.

Nilimweleza mama yule haya yote. Sikumwambia kwamba ni tofauti na kambi ya wakimbizi aliyoijua, kwa sababu nani mimi nimfundishe hilo? Nilimwambia tu, ya usiku usitie sahihi, tia ya mchana. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Mlango mnauelekeza wapi?" Nikasema, mbali na upepo. "Na uko juu au chini?" Nikasema chini ya sakafu ya kulala, ili joto lisitoke. "Na maji yakiyeyuka yanapita wapi? Sisi tulikuwa tunachimba mfereji kwanza, kabla ya turubai." Sikuwa na jibu. Miaka minne tunajenga vile vibanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria mfereji, na kila mwaka mtu anatoka na suruali imelowa.

Nimemwomba aje Februari awaonyeshe. Bado hajakubali. Yuko pale safu ya nyuma, anacheka na mtandio mdomoni, kwa hiyo tuendelee kumwombea.

Sehemu ya mwisho ya fomu ina mstari wa mzazi anayetaka kuja naye. Huhitaji kujua Kiingereza. Unahitaji buti. Chumba cha nyuma, palipokuwa na vyombo vya harusi, kina makoti na mabuti ambayo shule imekusanya, yamefuliwa, yamepangwa kwa saizi kuanzia ya mtoto wa miaka mitano hadi yangu mimi. Ya kina baba ni machache. Kalamu zipo mezani. Mzee wa kanisa ana ufunguo, na kwa jinsi ninavyomwona amesimama pale, ameshajichagulia lake.